Kompresa Iliyopandisha Sauti ya Pangaboi

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Nipo Wete, Pemba, na hurekodi taarab asilia nyumbani kwangu. Muimbaji wetu huanza ubeti kwa sauti ya chini kabisa, kisha kwenye kiitikio hupaza mpaka kipimo kikafika desibeli -6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na 0 ndio ukomo wa juu). Niliambiwa nitie kompresa, yaani kipunguza sauti kubwa cha kwenye programu, nikaweka kizingiti, kiwango ambacho upunguzaji huanzia, -30 na uwiano wa 8 kwa 1 (kila desibeli 8 zinazokivuka hubaki 1), halafu nikairudisha sauti juu. Sasa maneno yote yanasikika, lakini kila anaponyamaza, pumzi na pangaboi hupanda kama wimbi, na ganuni, ala yetu ya nyuzi, niliyoipitisha humo humo imekuwa butu. Kosa ni langu au la programu?

JIBU: Waalaikumu salaam. Programu imefanya ulichoiamuru. Kompresa haitambui neno wala pumzi. Inachokijua ni kiwango tu, na kila kinachovuka kizingiti hukipunguza kwa uwiano uliopangwa. Kilele cha -6 kimekivuka kizingiti chako kwa desibeli 24, na kwa uwiano wa 8 kwa 1 ziada hiyo imebaki 3, yaani kilele kimeshuka hadi -27 na desibeli 21 zimeondoka. Ulipozirudisha hizo 21 ulizirudishia kila kitu, na pangaboi, ambalo halikuwahi kufika kizingitini wala kupunguzwa chochote, likapanda kwa 21 kamili.

Jaribu kizingiti cha -15 na uwiano wa 3 kwa 1. Kilele kile kile kitavuka kwa 9, kitoke kwa 3, na utakuwa na desibeli 6 tu za kurudisha. Bila shaka utalalamika kwamba mwanzo wa ubeti umerudi kuwa chini. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoitwika kompresa kazi isiyo yake: tofauti kubwa baina ya ubeti na kiitikio hurekebishwa kwa mkono, kwa kupandisha na kushusha feda (kitelezi cha ukubwa wa sauti) mstari kwa mstari kabla sauti haijaingia kwenye kompresa, na kompresa ikaachiwa vilele vidogo ambavyo mkono hauwahi kuvidaka. Kazi hiyo inachosha, lakini sijaona njia ya mkato iliyo nzuri kuliko hiyo. Na wakati wa kurekodi, pangaboi lizimwe, joto livumiliwe.

Wimbi unalolisikia linatokana pia na muda wa kuachia, yaani muda ambao kompresa huchukua kuacha kupunguza baada ya sauti kushuka chini ya kizingiti. Ukiwa mfupi mno, mathalani milisekunde 20, kompresa huachia mara tu muimbaji anapofunga mdomo, na kelele za chumba zikaruka juu katika upenyo huo. Ukiwa mrefu mno, neno linalofuata baada ya kupaza humezwa kabla halijasikika vizuri. Kwa sauti ya mtu anza na milisekunde 150 hadi 250, kisha tazama sindano ya upunguzaji: iwe inarudi kwenye sifuri pole pole, sambamba na mwendo wa wimbo, na isitetemeke.

Ganuni imekuwa butu kwa sababu ya muda wa kushika, yaani muda ambao kompresa huchukua kuanza kupunguza baada ya kizingiti kuvukwa. Uhai wa ganuni umo katika ile nukta ambayo kidole kinakwanyua uzi. Kompresa inayoshika ndani ya milisekunde 1 hukata ncha hiyo na kukuachia mvumo mtupu. Ipe ganuni kompresa yake peke yake, uipe milisekunde 20 au 30 kabla ya kushika, na ncha itapita salama. Unapolinganisha sauti yenye kompresa na isiyokuwa nayo, zisawazishe kwanza kwa ukubwa, maana sikio hudanganyika likadhani kilicho juu zaidi ndicho kizuri zaidi.

Huenda ukashawishika kutia geti ili kuziba pumzi. Geti hufunga kila kilicho chini ya kizingiti, kwa hiyo kwenye ala ya udi litakata mvumo wa uzi unaofifia, na kwa muimbaji litameza mwisho wa neno. Limita nayo ni kompresa yenye uwiano mkubwa sana, wa 10 kwa 1 na kuendelea. Mahali pake ni mwisho wa safari, juu ya mchanganyiko mzima, ikizuia vilele vichache visipite -1. Lakini ikiwa taa nyekundu iliwaka kwenye mikisa (chombo cha kuchanganyia sauti) wakati wa kurekodi, sauti imekwisha kukwaruza kabla ya kuifikia limita, na hapo itakubidi umwite muimbaji arudie.