Ramli imemtaja jirani yetu

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 huanguka ghafla, akakakamaa na kutokwa povu mdomoni. Mama mkwe alitupeleka kwa mganga, naye akapiga ramli na kusema aliyemroga ni bibi mjane tunayepakana naye kihamba, yaani shamba la nyumbani. Sasa ukoo unataka bibi huyo aitwe kikaoni. Mimi ni Mkristo, lakini naogopa. Nifanye nini?
Mama wa Kibosho, Moshi

JIBU: Pole sana, mama. Nakusihi uzuie kikao hicho kwa kila njia, kwa sababu nchini mwetu vikongwe wameuawa kutokana na maneno ya namna hiyo hiyo, na mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mganga hakumpima mwanao. Alichowapa ni jina tu, na jina hilo ni la mtu asiye na mume wa kumtetea.

Dalili unazozieleza zinafanana na za kifafa. Huo ni ugonjwa wa ubongo, ambao huweza kusababishwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na malaria iliyopanda kichwani, au hata na minyoo ya tegu wa nguruwe. Mpeleke hospitali, na ikibidi muombe rufaa ya kwenda KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi. Takriban wagonjwa 7 kati ya 10 huacha kuanguka wakitumia dawa ipasavyo, ila dawa hizo zisikatishwe bila idhini ya daktari. Akianguka tena, mlaze ubavu, msogeze mbali na moto, wala usimtie kijiko mdomoni. Povu haliambukizi, mshike bila hofu.

Kuhusu imani yako, soma Mathayo 17, ambapo baba anamlilia Yesu kwa ajili ya mwanawe mwenye kifafa anayeanguka motoni na majini. Mtoto anaponywa, na katika habari yote ile hakuna jirani anayetajwa kwa ubaya. Basi endelea kusali, mama, huku dawa zikitumika.

Mama mkwe usigombane naye, kwani naye anaumia kwa ajili ya mjukuu wake. Mwombe kwa heshima akusindikize kliniki, aingie nawe kwa daktari na kumuuliza mwenyewe yote yanayomtia wasiwasi, kabla wazee wa ukoo hawajaketi.