Kukatwa au Kuchanika: Niliyoyapitia Nikijifungua Mara Mbili

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa hapa Nairobi, mwenye mimba ya miezi minane, aliniandikia swali ambalo mimi mwenyewe sikupata ujasiri wa kumwuliza mtu nilipokuwa katika hali yake: "Dada, ni heri kukatwa au kuachwa uchanike mwenyewe?" Alimaanisha pale chini, mtoto anapotoka. Nilijaribu kumjibu kwa sentensi mbili nikashindwa, nikaona afadhali nieleze yote hapa.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mwaka 2017, katika hospitali ambayo sitaitaja. Uchungu ulinishika usiku, na ya usiku ule kila mama anayajua. Kulipokaribia kupambazuka, nilipokuwa nikisukuma, nilimsikia sista akimwambia mwenzake, "Huyu ni mimba ya kwanza, lete mkasi." Nikasikia chuma kikigonga sahani, kisha nikakatwa. Hakuna aliyeniambia neno kabla ya hapo. Dawa ya ganzi ililetwa wakati wa kushonwa, na sindano ilianza kupita kabla ganzi haijashika sawasawa. Nilipouliza nimeshonwa nyuzi ngapi, niliambiwa niache kuhesabu nyuzi, nimshukuru Mungu kwamba mtoto ni mzima.

Nilimshukuru Mungu, na bado namshukuru. Lakini nilirudi nyumbani mtaani Umoja ndani ya matatu nikiwa nimekalia paja moja, nikimpakata mtoto, na kila tuta la barabarani lilinitoa machozi mbele ya watu nisiowajua. Kwa majuma mengi nilikuwa nikijikalisha ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, nikiogopa kwenda haja kubwa kama mtu anayeogopa hukumu. Miezi mitano ilipita kabla sijaweza kuwa na mume wangu kama mke. Nilidhani mimi ndiye dhaifu, kwa kuwa mama mkwe alisema wanawake wote hushonwa na maisha huendelea.

Nilipopata mimba ya pili nilianza kuuliza na kusoma. Sehemu inayokatwa au kuchanika huitwa msamba, yaani pale katikati ya uke na njia ya haja kubwa. Mchaniko wa daraja la kwanza hugusa ngozi tu, na mara nyingine hauhitaji hata kushonwa. Wa pili huingia kwenye misuli ya msamba. Wa tatu hufika kwenye misuli inayobana haja kubwa. Na wa nne hupasua mpaka utando wa ndani wa njia hiyo, kwa hiyo hushonwa na mtaalamu katika chumba cha upasuaji. Kukatwa, hata kwa mkono wa fundi, hupita kwenye ngozi na misuli kwa pamoja, maana yake ni kwamba mama anapewa jeraha la daraja la pili hata kama angechanika ngozi tu, au asichanike kabisa. Niliposoma hayo nililia upya.

Zamani wakunga na madaktari walifundishwa kwamba mkato ulionyooka hupona vizuri kuliko mchaniko, na kwamba humlinda mama asichanike vibaya. Mafunzo hayo hayakuthibitika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, halipendekezi wanawake wakatwe kama desturi wanapojifungua kwa njia ya kawaida. Mkato ulioshuka moja kwa moja unaweza hata kuendelea kupasuka hadi kwenye misuli ya haja kubwa, na ndiyo sababu anayelazimika kukata hufundishwa kukata kwa mshazari.

Sisemi kwamba mkasi hauna kazi. Mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka na anatakiwa atoke upesi, au akihitaji kuvutwa kwa kifaa, mkato unaweza kumwokoa. Dada zetu waliokeketwa wakashonwa nao wamweleze mkunga mapema kliniki, kwa kuwa kovu lao huenda likahitaji kufunguliwa kwa utaratibu wake.

Mwaka 2022 nilijifungua tena, na safari hii nilikuwa nimejiandaa. Kuanzia wiki ya 34 nilikanda msamba kwa mikono safi na mafuta mara mbili kwa wiki. Nilimwomba dada yangu aingie nami. Mkunga aliyenipokea, ambaye namwombea hadi leo, aliweka kitambaa cha maji ya moto kiasi kwenye msamba, akakinga kwa kiganja chake, na kichwa kilipoanza kuonekana akaniambia, "Mama, acha kusukuma sasa, pumua kama unayepuliza chai." Nikapuliza. Mtoto akatoka taratibu. Nilichanika ngozi kidogo, nikapewa ganzi, tukasubiri ishike, nikashonwa nyuzi mbili, na baada ya siku nne nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbao bila kujisikia mgonjwa. Najivunia siku ile, na sioni haya kusema hivyo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mchaniko mdogo ni heri kuliko mkato usio na sababu, na mkato wenye sababu ni heri kuliko mtoto kuumia. Ukishonwa kwa namna yoyote ile, safisha kidonda kwa maji safi, badilisha pedi mara kwa mara, na urudi hospitalini haraka ukipata homa, harufu mbaya, nyuzi zikiachia au ukishindwa kuzuia haja. Usikubali kuambiwa kwamba ni kawaida.

Uliza kliniki sasa, kabla uchungu haujakunyima maneno. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa matibabu na kuyakubali kabla hayajafanywa, isipokuwa katika dharura. Mwambie pia atakayekusindikiza, ili aseme wewe ukishindwa kusema. Mimi niliandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la kijitabu cha kliniki: "Nikihitaji kukatwa, naomba niambiwe sababu kwanza, na nipewe ganzi." Mkunga aliisoma kwa sauti, akasema, "Sawa, mama," akanawa mikono.