Maji miguuni mwa abiria: yatafute yanakopitia kabla ya kupaka silikoni

Assalaam aleikum jamaa. Nimelisoma mara mbili swali la ndugu yetu wa mtaa wa Barani. Anasema tangu mvua ya mwaka ianze, kapeti ya mbele upande wa abiria hulowa chapachapa kila kukinyesha. Fundi ameshampakia silikoni kuzunguka kioo cha mbele mara mbili, na maji bado yanaingia. Hiyo ya mara mbili imeniuma, maana pesa zangu nazo zilipotea hivyohivyo, hapahapa Malindi, mvua za El Nino za mwisho wa 2023. Nitakueleza nilivyohangaika mpaka gari likakauka. Mpaka leo ni kavu.

Ndugu yangu, ushike hili kwanza: unapoyaona maji sipo yanapoingilia. Yakishapata upenyo hutambaa juu ya waya, hushuka nyuma ya dashibodi, hupita chini ya kapeti, kisha hutulia pale palipoinama. Fundi akipaka dawa kabla ya kuliona tone linakotoka, anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako.

Halafu jua ni maji gani. Kandamiza tishu nyeupe kwenye kapeti. Yakiwa na rangi, yakiteleza vidoleni, yakinukia utamutamu na kioo cha mbele kikifanya ukungu wa mafutamafuta, hayo ni maji ya rejeta, hita (kile kirejeta kidogo cha kupasha joto) imetoboka ndani ya dashibodi. Usiyaonje, ni sumu. Na usiende na gari mbali, injini itachemka. Yakiwa maji safi, na kapeti hulowa hata siku za jua, shuku AC. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. AC ikiipoza, unyevu hugeuka maji ndani ya kasha lililo nyuma ya dashibodi, na kwenye magari ya usukani wa kulia kasha hilo aghalabu liko upande wa abiria. Kuna kijipira kinachoyatoa chini ya gari. Kikiziba, maji hufurika ndani. Kipimo chake ni rahisi: washa AC dakika 20 gari likiwa limesimama, kisha chungulia chini. Kwa joto la hapa lazima ukute kidimbwi. Pakiwa pakavu na AC inapoza, huenda kijipira kimeziba. Kizibuliwe kutokea chini, taratibu, kwa kitu laini.

Lakini wewe umesema ni mvua ikinyesha. Basi twende kwenye waipa.

Gari langu nilikuwa nikiliegesha chini ya mkilifi, huo mwarobaini, kwa ajili ya kivuli. Mkilifi hupukutisha majani madogomadogo, na majani hayo yote huishia kwenye lile bonde lililo chini ya waipa, baina ya boneti na kioo, lililofunikwa na plastiki yenye matundu. Maji yote ya kioo cha mbele hushukia humo, kisha hutokea kwa tundu la kulia na la kushoto, nyuma ya magurudumu ya mbele. Humohumo ndimo feni ya gari inamovutia hewa ya kuleta ndani, na mlango wake wa hewa, kwenye gari kama langu, uko upande wa abiria. Tundu likiziba, maji hupanda mpaka kwenye huo mlango wa hewa, yakamwagikia miguuni mwa abiria. Hapo hata ukikiviringisha kioo kizima kwa silikoni hujafanya kitu.

Nilifungua mwenyewe. Mikono ya waipa hushikwa na nati moja moja, halafu plastiki ina klipu. Zitoe polepole kwa sababu jua letu huzikausha zikawa kama biskuti. Nilichokikuta chini yake sikukitarajia: udongo mweusi laini, kina cha vidole viwili, na juu yake mche wa mkilifi wenye majani manne, umeshika mizizi. Tundu la kushoto halikuonekana kabisa. Nilichota udongo kwa mkono na kijiko, nikatia mwiko mwembamba wa mbao kwenye tundu, kisha nikamimina birika la maji. Kwanza yalisimama. Halafu yakazunguka, yakakoroma, na nikayasikia yakimwagika chini nyuma ya gurudumu. Ile sauti naikumbuka mpaka sasa.

Siku tatu kapeti ikawa kavu. Siku ya nne ikanyesha usiku kucha, asubuhi kapeti mbichi tena, lakini safari hii ukingoni, karibu na mlango. Wengi wetu hapa hukata tamaa, tukaona ile kazi ya kwanza ilikuwa bure. Haikuwa bure. Gari linaweza kuwa na vidonda viwili, na cha pili hukioni mpaka kipone cha kwanza.

Nikafanya jaribio la mpira wa maji, na hili ndilo ningekuomba ulifanye kabla hujatoa hata shilingi. Niliinua kapeti, nikapangusa kila kitu kikauka, nikapaka chaki pembezoni mwa sakafu na kizingiti cha mlango, kwa sababu maji yakipita juu ya chaki huacha mchirizi unaoonekana. Mpwa wangu akaketi ndani na tochi, milango imefungwa. Mimi nje nikaachia maji kidogo tu, bila kubana mpira. Nguvu nyingi huyapeleka maji mahali ambapo mvua haifiki, mkadanganyika. Unaanzia chini, unapanda: kizingiti, mlango, kona ya kioo cha mbele, mwisho paa. Kila mahali dakika kumi bila kuhama. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila kitu na hutajua ni wapi.

Nilipofika kwenye kioo cha mlango, mpwa akagonga. Tone lilikuwa likitokeza chini ya ubao wa mlango, kwa ndani ya raba. Sasa, mlango wa gari umeundwa uingiwe na maji: huteremka na kioo mpaka ndani ya mlango, kisha hutokea kwa vitobo vya ukingo wa chini. Kinachoyazuia yasikufikie ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao. Miezi kadhaa kabla, mota ya kioo changu ilibadilishwa, na aliyeibadilisha aliipasua ile karatasi akairudisha ikining'inia. Nikaweka nailoni nzito mpya, nikaibandika kwa gundi nyeusi ya butili, ile laini isiyokauka, na nikahakikisha ncha yake ya chini imeingia ndani ya mlango ili maji yarudi humo. Vile vitobo pia nikavizibua. Viwili vilikuwa vimejaa mchanga.

Kwa wenye maji kwenye buti, pale kwenye tairi la spea: angalieni gasketi za taa za nyuma, taa ya breki ya juu, na vile vipitisha hewa vilivyofichwa nyuma ya bampa. Wenye dirisha la paani, maji yake hushuka kwa vijipira vilivyo kwenye pembe. Msivipulize kwa upepo wa kompresa, vitachomoka mahali msipopafikia.

Na hiyo silikoni, ndugu yangu, inusie. Ikinuka kama siki, ina asidi inayokula bati, na hapa tayari tuna chumvi ya bahari. Kama kweli ni kioo kinachovuja, kuna njia ya kuhakikisha: fungeni milango na madirisha, feni ya ndani iwe juu kabisa ikivuta hewa ya nje, upake povu la sabuni kwenye ukingo kwa nje. Penye upenyo patatoa mapovu. Hapo kioo kinatolewa, kutu inasuguliwa na kupakwa rangi, silikoni yote inakwanguliwa, na kinarudishwa kwa gundi yake ya kioo.

Jambo la mwisho, na usilipuuze hata ukishaziba. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayoshika maji kama godoro. Juu patakauka kwa jua la siku moja, chini pabaki pabichi wiki nzima, na bati linaoza bila wewe kuona. Kapeti lazima itoke. Kwanza zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri dakika kadhaa, ndipo ufungue viti, kwa sababu chini yake huwa na soketi za njano za mifuko ya hewa. Yangu niliianika ukutani siku tatu, na kila jioni niliikamua sponji kwa mikono ikatoa maji. Sakafuni nilikuta kutu ya ukubwa wa kiganja. Msasa, rangi ya kuzuia kutu, rangi ya kawaida.

Kwa hiyo kesho anza na waipa, kisha birika la maji, uone yanatokea wapi chini. Tuambie tundu la kushoto umelikutaje, na kama unaegesha chini ya mti, ni mti gani.