Maswali yenu: chai ya Wapashtuni

Wapathani ni Waarabu?

Hapana. Nimeshalijibu hili mara tatu. Pathani ni jina wanaloitwa Wapashtuni huko India, Pakistan na Ghuba. Kwao ni kusini na mashariki mwa Afghanistan na kaskazini magharibi mwa Pakistan, na Kipashto chao ni ndugu wa Kifarsi. Tafadhali liandikeni mahali.

Niko Abu Dhabi. Dereva wa Kipathani alinikaribisha chai chumbani kwao. Nilipoaga nikaacha dirhamu kumi juu ya mkeka, akanuna. Kosa langu nini?

Umemgeuza mwenye nyumba kuwa mwenye mkahawa. Kukirimu mgeni, kwao *melmastia*, ni nguzo ya Pashtunwali, mila inayomwongoza Mpashtuni tangu utoto. Mgeni haulizwi kabila wala ana nini mfukoni, na anayemkirimu hangoji malipo. Kijijini kuna *hujra*, baraza la wanaume lenye vitanda vya kamba na mito, na mpita njia hulala hapo bila kumjua mtu.

Niliwahi kukaa na vijana wao Deira, Dubai, sita chumba kimoja. Mmoja aliponda iliki kwa kitako cha glasi, akatia birikani, akamimina chai kwenye vikombe visivyo na mkono kama vile vyetu vya kahawa. Pembeni palikuwa na kisahani cha sukari guru, na neno lenyewe huko Pakistan ni karibu hilohilo, *gur*. Cha kwanza nilipewa mimi, wao wakangoja. Siku hiyo walikuwa hawajalipwa mshahara, na nililijua hilo baadaye kwa mtu mwingine.

Basi rudi kwake. Chukua tende ukipenda, lakini zaidi kaa, mwulize habari za kwao, usishike simu. Na msiende kundi zima kila Ijumaa kwa sababu mmesikia hawakatai wageni. Hawakatai, ndiyo maana muwahurumie.

Chai yao ni ya maziwa au ya kijani?

Zote. Ya kijani, *shin chai*, ndiyo ya mgeni na ya baada ya chakula kizito cha nyama. Ya rangi ni *tor chai*. Ya maziwa nayo imeenea Pakistan, na majani yake mengi yanatoka kwetu: kwa miaka mingi sasa Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, inayopigwa mnada Mombasa. Mkulima wa Kericho yumo ndani ya kikombe cha Peshawar.

Ni kweli hata adui akibisha hodi anapewa chai?

Mnachanganya mambo mawili. Chai ni *melmastia*. Anayekimbilia kwako kuomba hifadhi ana haki nyingine, *nanawatai*, na hiyo ni nzito. Mwaka 2005, mkoani Kunar, Afghanistan, Mohammad Gulab na wanakijiji wenzake walimhifadhi askari wa Marekani aliyejeruhiwa. Taliban walimtaka, wao wakakataa kumtoa. Vitisho vilimwandama Gulab miaka mingi hadi akahama nchi. Anayesimulia mila hii kama hadithi tamu ya kusafiria, akumbuke na hiyo gharama.

Mimi ni mwanamke. Nitakaribishwa hujra?

Kwa kawaida hujra ni ya wanaume. Wewe utapelekwa ndani, kwa wanawake, na huko ndiko utakakoona ukarimu unakotoka: tanuri limewashwa alfajiri, mikate inabandikwa, birika halipoi, wageni wenyewe hawaonekani na shukrani zao hazifiki. Sifa zote huishia kwa baba mwenye hujra. Mimi hilo sitaacha kulisema. Ukiwa ndani, washukuru wao kwanza. Mwambie kila mmoja *staray mashe*, yaani usichoke.

Nimeshiba chai, nikataeje bila kuudhi?

Funika kikombe kwa kiganja. Kikiwa wazi na kitupu, watamimina tena.