Bluzi ya baa 12: usikimbilie jazi kwanza
Mkuu nimekusoma, A7, D7 na E7 unazo ila ukigusa kodi za kijazi unapotea katikati (kodi za gitaa hizi, sio za TRA). Rudi kwenye mifupa (baa moja ni mapigo manne): A7 baa nne, D7 mbili, A7 mbili, halafu baa moja moja E7, D7, A7, na E7 ya kukurudisha mwanzo. Piga polepole unahesabu kwa sauti mpaka ujue uko baa ya ngapi bila kuwaza.

Ukizoea weka D7 baa ya pili. Sasa ndo utamu, baa ya 6 badala ya kurudia D7 piga D#dim7 (dim ni diminished), afu baa ya 7 A7 yenye E kwenye besi, yaani noti ya chini kabisa, utasikia besi inapanda yenyewe D, D#, E, mimi hapo nilikwama wiki nzima narudia hicho kipande tu. Baa ya 8 malizia na F#7, inavuta kwenda Bm7 ya 9, kisha E7 ya 10. Mbili za mwisho A7 F#7 Bm7 E7, mapigo mawili mawili. Usibebe vyote siku moja.

Vidole kuuma kwenye ncha kawaida, ila kiganja kikifa ganzi pumzika, ikiendelea muone daktari.