Anasoma mabango ya dukani lakini akibanwa na haja hasemi: aanze darasa la kwanza Januari?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Tunaishi Mafinga. Nina mtoto wa kiume, Desemba anatimiza miaka 6. Mwaka jana daktari wa watoto alituambia ana usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na watu), ila si mkali. Sasa yuko darasa la awali. Herufi zote anazijua, anasoma maandishi ya kwenye mifuko ya unga na mabango ya dukani, anahesabu hadi mia na kupita. Lakini hachezi na wenzake, kengele ikigongwa anaziba masikio na kulia, na akiwa shuleni akibanwa na haja hasemi, anajibana mpaka anajikojolea. Bibi yake anaongea naye Kihehe, sisi wazazi Kiswahili. Mwalimu wake anashauri arudie awali mwaka mmoja ili akomae. Baba yake anasema mtoto anayesoma namna hiyo kumrudisha awali ni kumpotezea muda. Nimsikilize nani?

JIBU

Marahaba mama. Kwa maelezo yako, mimi ningemwandikisha darasa la kwanza Januari, kwa masharti mawili: apimwe masikio kabla shule hazijafungwa Desemba, na suala la choo lianze kufanyiwa kazi wiki hii hii. Nitaeleza kwa nini nimefika hapo, na ni mambo gani yakitokea nitabadili ushauri wangu.

Nianze na hoja ya baba, kwa sababu wazazi wengi wenye watoto wa aina hii huishikilia. Kusoma mapema ni jambo la kweli na linapatikana kwa baadhi ya watoto wenye usonji. Lakini kutamka maneno na kuyaelewa havikui pamoja kila mara. Mjaribu hivi: andika kwenye karatasi, "Chukua kikombe ukiweke chini ya kiti." Mpe, usimsomee, usielekeze kwa kidole wala kwa macho. Akitamka sentensi vizuri kisha akabaki amesimama, ujue maneno ameyasoma ila maana haijamfikia. Akiweka kikombe chini ya kiti, una nyenzo kubwa mkononi, na nitaitumia huko mbele. Vyovyote itakavyokuwa, kusoma peke yake hakutaamua kama ataweza kukaa darasa la kwanza. Herufi ndizo kitu ambacho darasa la kwanza lipo ili kumfundisha. Darasa halitamfundisha namna ya kusema "nina haja," wala namna ya kujua kwamba mwalimu akisema "wote toeni madaftari," yeye naye ni miongoni mwa hao wote.

Mwalimu naye ameona kitu cha kweli. Mtoto anayelia kila kengele na kujikojolea hayuko sawa darasani. Tatizo langu ni hiyo dawa ya kukomaa. Mtoto ambaye amechelewa kidogo tu, mwaka mmoja humsaidia. Usonji hauondoki kwa kungojewa. Akirudi kwenye chumba kile kile, kengele ile ile na nyimbo zile zile, bila mtu aliyepanga kumfundisha kuomba choo, Januari ya mwaka unaofuata atakuwa na shida zile zile akiwa mrefu kuliko wenzake, na watoto waliokwisha kumzoea watakuwa wamemwacha. Ningekubali arudie kama mwalimu wa awali angekuja na mpango wa kueleza nini atafanya tofauti. Mwulize hivyo, kwa heshima. Akikupa jibu linaloeleweka, jibu hilo lina uzito kuliko maandishi yangu, maana yeye anamwona mtoto kila siku.

Masikio. Watu husahau kuyapima kwa sababu mtoto anaziba masikio, basi wanadhani anasikia mno. Mtoto anaweza kuumizwa na sauti kali na bado asisikie vizuri mtu anayeongea naye kwa sauti ya kawaida, hasa kama amekuwa na masikio ya kutoa usaha. Hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa au ile ya kanda Mbeya, ulizia wanaoshughulikia masikio, pua na koo. Ukiwa huko mweleze daktari kama mtoto huwa anaganda ghafla akikodoa macho bila kuitika, au anashtuka mwili usingizini. Kifafa huwapata watoto wenye usonji kuliko watoto wengine, na kifafa kisichotibiwa kinaweza kuonekana darasani kama ukaidi au uvivu. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo lingenifanya niseme asubiri kwanza, atibiwe.

Sasa choo. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndicho kitu kinachowatoa shuleni watoto wengi wenye akili kama wa kwako.

Kwanza tafuta sababu. Nyumbani anakwenda mwenyewe? Kama ndiyo, mwili wake unampa taarifa na shida iko shuleni. Shuleni inaweza kuwa mambo mawili. Ama hana njia ya kumwambia mtu asiye wa kwao, ama anakiogopa choo chenyewe: giza, inzi, harufu, tundu, watoto wanaosukumana mlangoni. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu uende naye Jumamosi shule ikiwa tupu. Mara ya kwanza aone tu, mrudi. Mara ya pili aingie nawe, mlango ukiwa wazi. Usimlazimishe ajisaidie siku hiyo. Akishaingia bila hofu Jumamosi, jaribu siku ya kazi wenzake wakiwa darasani, ndipo hatimaye wakati wa mapumziko.

Kuhusu kusema, usingoje aseme. Mtengenezee kadi ngumu ndogo iliyoandikwa CHOO, na picha kama kusoma kwake ni kwa kutamka tu. Ifunge kwa uzi kiunoni mwa kaptura. Anamwonyesha mwalimu kadi, anatoka. Mwalimu akubali kabla kwamba kadi ikionekana hakuna maswali, hakuna "subiri tumalize." Nyumbani nako itumieni hiyo hiyo, hata kama anaweza kusema, ili mkono uizoee. Wapo wanaoogopa kwamba kadi itamfanya aache kuongea, haifanyi hivyo. Mtoto anayeona kwamba ujumbe wake umefika hupata hamu ya kutuma mwingine. Juu ya hapo pawe na saa maalumu za kwenda, abanwe asibanwe: anapofika, mapumziko yanapoanza, kabla ya kurudi nyumbani. Na mvalishe kaptura ya lastiki. Asubuhi za Juni na Julai huko Mafinga vidole vinakufa ganzi, na zipu na kifungo vinaweza kumshinda mtoto ambaye alikuwa amewahi kabisa.

Kengele ni nyepesi kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inajulikana itagongwa saa ngapi. Kinachomuumiza ni ukali wa sauti pamoja na kushtukizwa. Akae mbali na ilipotundikwa ile rimu ya gari inayogongwa kama kengele, na mwalimu amwambie dakika moja kabla. Kuna shule humwachia mtoto wa aina hii agonge mwenyewe, kiranja akiwa pembeni, na mara nyingi kilio hupungua kwa sababu sauti sasa inatoka mkononi mwake. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mvua. Shule zinafunguliwa Januari katikati ya msimu wenu wa mvua wa nyanda za juu, na darasa lenye bati lisilo na dari mvua ikipiga hata mtu mzima hasikii kitu. Mnunulie kofia ya sufu inayofunika masikio. Kwa baridi ya Mafinga hakuna atakayemshangaa. Sweta la shule nalo liangalie: nyingi zinawasha shingoni, na mtoto huyu hatasema linawasha, atalia tu au atalivua na kulitupa. Lifue mara kadhaa kabla ya Januari, kata lebo, ndani avae fulana ya pamba.

Kutocheza na wenzake nisingekupa uzito unaouweka. Mtafutie mtoto mmoja mpole, ikiwezekana wa jirani anayekwenda shule hiyo hiyo, wawe wanatembea pamoja. Mmoja anatosha mwaka mzima. Kuhusu Kihehe, mwacheni bibi aendelee. Lugha mbili hazisababishi usonji wala haziuzidishi, na watoto wenye usonji hujifunza lugha mbili. Mkimkataza bibi, mtamnyima mtoto mtu ambaye pengine ndiye anayeongea naye taratibu kuliko wote.

Mpaka hapa nimempima mtoto. Nusu ya pili ni kuipima shule, na hapa ndipo wazazi wengi hawafiki. Nenda kabla ya kuandikisha. Uliza darasa la kwanza lina watoto wangapi na mwalimu atakayelifundisha ni nani, kisha omba kuongea naye mwenyewe. Omba mambo matatu tu, kwa sababu mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kubeba kumi: mtoto akae mbele upande wa ukuta, aitwe kwa jina kwanza kabla ya kupewa agizo, na kadi ya choo iheshimiwe. Namna mwalimu anavyokupokea itakwambia mengi. Mwalimu anayesema "sijawahi kufundisha mtoto wa hivi, niambie anapenda nini" ningemchagua mbele ya shule yenye jengo zuri.

Uliza pia kuhusu fimbo, usione haya. Kanuni zetu zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, peke yao, kuchapa, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mtoto asiyeitika kwa sababu hakuelewa kwamba ameitwa huonekana mkaidi, na akichapwa hajifunzi kuitika, anajifunza kuiogopa shule. Mweleze mwalimu mkuu hilo kwa maneno wazi na umwombe alifikishe kwa walimu wa zamu.

Shule ikisita kumpokea, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida. Nenda Halmashauri ya Mji, idara ya elimu ya awali na msingi, umwone afisa anayehusika na elimu maalumu. Mwombe apangiwe upimaji wa kielimu, na uulize shule ipi ya karibu ina kitengo chenye mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Kwa mtoto kama wako nisingetaka akae ndani ya kitengo siku nzima, lakini kuwa na mwalimu huyo uwanja mmoja ni faida kubwa. Bweni, hapana. Atakayekuambia umpeleke bweni akazoee watu, mkumbushe kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Shule binafsi za Kiingereza zina madarasa madogo, hilo ni kweli, ila humwongezea lugha ya tatu na mbio za mitihani kwa wakati mmoja. Na kama njia ya shule inakatiza ile barabara kuu iendayo Zambia, kwa malori yanayopita hapo, chagua shule ya upande wenu hata kama si bora. Mtoto aliyeshtushwa na sauti hukimbia bila kuangalia.

Usidanganyike na hayo maneno "si mkali." Mwongozo wa madaktari wa Marekani uliotoka 2013 hupanga usonji katika ngazi tatu kwa kuangalia kiasi cha msaada anaohitaji mtu, na hata ngazi ya kwanza, iliyo nyepesi kuliko zote, inasema anahitaji msaada. Watoto wa ngazi hii ndio huachwa bila msaada, kwa kuwa wanasoma na wanaonekana sawa.

Muhula wa kwanza omba arudi nyumbani wakati wa mapumziko kwa wiki mbili za mwanzo, kisha aongezewe. Tarajia kwamba mwalimu atasema "hana shida kabisa," na wewe jioni unapokea mtoto anayepiga kelele na kutupa vitu. Wote mtakuwa mnasema kweli. Amejibana kutwa nzima, anafungulia mahali anapojisikia salama. Akirudi mpe chakula na saa moja ya utulivu bila maswali wala daftari. Kama jaribio la kikombe alilifaulu, mwandikie ratiba ya siku ukutani: amka, vaa, uji, shule, choo, darasa, nyumbani. Watoto wanaosoma hulitii karatasi upesi kuliko sauti ya mama.

Karibu na Pasaka kaeni, wewe, baba na mwalimu. Msitazame alama. Tazameni kama analala, kama anakula, kama anakubali kuvaa sare asubuhi, na kama ile kadi anaitumia. Haya yakiwa yanakwenda, hata kwa kusuasua, endeleeni. Akiwa ameanza kujikojolea usiku wakati alikuwa ameacha, au usingizi umetoweka kwa wiki kadhaa, mpunguzieni saa za shule kwanza kabla ya kufikiria kumtoa. Akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje kikao, mpeleke hospitali.

Baba aje siku mnapokwenda kumwona mwalimu wa darasa la kwanza. Na aje na ukurasa mmoja alioandika mwenyewe: mtoto anapenda nini, anaogopa nini, akilia anatulizwaje, na namba ya simu ya kupigiwa.