Simu ya kuripoti hongo hailii? Angalia sanduku lilitundikwa wapi

Ndugu, umeuliza: kampuni yenu ina wafanyakazi zaidi ya elfu moja, wewe ndiye umekabidhiwa mambo ya maadili, simu ya kuripoti haijalia tangu Januari, na mkurugenzi anasema hiyo ni dalili kwamba nyumba ni safi. Nimefanya kazi hiyo miaka tisa kwenye kampuni moja hapa Industrial Area, Nairobi, na bosi wangu wa kwanza alisema hivyo hivyo. Hata kwenye ripoti ya bodi aliandika: malalamiko, sufuri.

Sisi tulikuwa na sanduku la malalamiko. Bati jekundu, kufuli ndogo, limepigiliwa ukutani nje ya ofisi ya wafanyakazi, na ufunguo anao meneja wa ofisi hiyo hiyo. Nilipolifungua mara ya kwanza nilikuta maganda ya peremende na karatasi moja iliyosema chai ya saa nne haina maziwa. Nikamwonyesha karani wa stoo huku nacheka. Yeye hakucheka. Aliinua kidevu tu kuelekea darini. Kamera ilikuwa pale juu, imelikodolea sanduku.

Tuliling'oa. Simu tukaikabidhi kampuni ya nje, ili anayepokea asimtambue mpigaji kwa sauti. Ile sera ya kurasa arobaini za Kiingereza cha mawakili ilibaki kabatini. Mlangoni pa stoo tukabandika karatasi moja ya Kiswahili. Ukisema "uadilifu" watu wanakutazama tu. Ukisema "kitu kidogo" umeeleweka. Nami nikaacha kula na mameneja, nikawa nakaa na madereva kwa mama wa githeri nje ya geti. (Githeri hiyo imeniletea habari nyingi kuliko simu, lakini hilo huwezi kuliandikia bodi.)

Miezi minne baadaye ikaja taarifa ya maana: angalieni kwotesheni (karatasi za bei wanazoleta wauzaji) za paleti, mnunuzi wetu analishwa. Nikaomba faili. Kampuni tatu, bei tatu, nembo tatu tofauti, na zote zimekosea jina la kampuni yetu kwa kuruka herufi ile ile. Mbili zina sanduku la posta moja. Miaka miwili zilipita kwa sahihi za watu wazima, kwa sababu kanuni inataka kwotesheni tatu na tatu zilikuwepo.

Mkurugenzi wetu akataka tuyamalize nyumbani. Nikamsomea Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016, kifungu cha 14: mwenye mamlaka katika kampuni, hata ya binafsi, akijua au akishuku hongo ana saa 24 kuiarifu EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Neno "kushuku" ndilo lililomnyamazisha. Tukapeleka.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Nilidhani faili ikishatoka mikononi mwangu, yamekwisha. Wiki ya tatu yule karani wa stoo akahamishiwa zamu ya usiku kwenye bohari ya Mlolongo. Mpaka leo sijui kama ni yeye aliyepiga simu, wala sikumuuliza. Waliomhamisha waliamini ni yeye. Mameneja wote waliuliza "nani amesema?" kabla ya kuuliza kama ni kweli. Kifungu cha 21 kinataja hasa jambo hilo, kumpeleka mtoa taarifa kwenye kituo kibaya: faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Nilikichapisha, nikakipigia mstari, nikampelekea mkuu wa shughuli mkononi.

Karani alirudishwa baada ya wiki sita. Wiki zote hizo simu haikulia. Aliporudi, mchana kweupe, stoo nzima ikimwona, tulipata simu tatu kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo na mkurugenzi wako usibishanie sufuri. Muulize mtu wa mwisho aliyesema jambo hapo kwenu, leo yuko zamu gani.